Jinsi ya kuchagua vifaa vya mashine ya wakati halisi: mwongozo kamili kutoka kwa fundi wa ATM za maziwa

Mashine yangu ya kwanza ya ATM ya maziwa, ile inamwagia mteja kiasi alichobonyeza, niliiweka kwa duka moja Umoja, na wiki ya pili tu mwenye duka akanipigia simu. "Kijana wangu, hii mashine yako ni nzuri lakini iko na huruma sana, inaongezea watu." Nikadhani ananitania. Nikaenda nikakaa pale kwa kiti cha plastiki na jagi ya kupimia kutoka asubuhi hadi saa sita, na kweli, mtu anabonyeza nusu lita, inatoka mililita 503, inatoka 506, halafu mara moja moja hivi inatoka 560 na mteja anaenda zake akitabasamu.

Ndani nilikuwa nimeweka bodi ya Linux ya gigahezi moja na nusu, programu ya Python, skrini ya kugusa, yaani ilikuwa na nguvu kushinda kompyuta niliyosomea nayo chuo, na bado ilikuwa inashindwa kufunga valvu kwa wakati. Saa hii hiyo kazi inafanywa na chipu ya megahezi 16. Naandika hii yote juu kila wiki kuna mtu ananiuliza "fundi, ninunue bodi gani?" na hajaniambia mashine yenyewe inafanya nini.

Kwanza tuelewane hilo neno

Wakati halisi si haraka. Maana yake ni jibu lazima lifike kabla saa yake kupita, kila mara, hata ile siku mambo yote yameharibika. Matatu ya Rongai inaweza kukufikisha leo kwa dakika thelathini na kesho ukakaa Bomas masaa mawili, hiyo ni haraka sawa lakini huwezi kupanga kazi nayo. Treni ya polepole inayofika saa moja unusu kila siku, hiyo ndo unataka ndani ya mashine.

Halafu si kila kazi ndani ya mashine iko na ukali sawa. Kwa ATM ya maziwa, kufunga valvu ni kazi kali, ukichelewa maziwa imeshamwagika na hairudi kwa tangi. Kubadilisha namba kwa skrini ni kazi laini, ikichelewa kidogo hakuna mtu ataona. Kutuma ripoti ya mauzo kwa simu ya mwenye duka, hata ikifika baada ya dakika kumi hakuna kesi. Kosa langu lilikuwa kuweka zote tatu kwa mkokoteni mmoja.

Hatua ya 1: kalamu na karatasi, bado usinunue kitu

Andika kila tukio ambalo mashine lazima ijibu, linakuja mara ngapi, na jibu likichelewa kiasi gani kuna hasara. Namba kabisa, si "haraka haraka".

Tufanye ya maziwa. Tuseme pampu inatoa lita 6 kwa dakika, hiyo ni mililita 100 kwa sekunde, kwa hivyo kila milisekunde 10 ya kuchelewa ni mililita moja. Sasa ile 560 ya Umoja inaeleweka, mililita 60 za ziada ni milisekunde 600, zaidi ya nusu sekunde bodi iko bize na mambo yake. Ukisema utavumilia kosa la mililita 5 kwa nusu lita, uko na milisekunde 50 kwa jumla. Na hiyo bajeti si ya chipu peke yake, sensa inakula yake, valvu inakula yake. Ile mita ya mtiririko ya bei rahisi ya YF-S201 ambayo kila mtu anaanza nayo inatoa mapigo kama 450 kwa lita, kwa hivyo pigo moja ni zaidi ya mililita 2 na huwezi kuona kitu kidogo kuliko hiyo hata ukiwa na chipu ya kwenda mwezini. (Hiyo mita ni ya maji, fanyia nayo mazoezi tu. Ya maziwa lazima iwe ya vifaa vya chakula na ifunguke ioshwe, na mashine ikianza kuuzia watu kwa kipimo, watu wa vipimo na mizani lazima waikague waipige muhuri, iko kwa sheria, Cap 513.)

Valvu yangu nilipima ikachukua milisekunde kati ya 30 na 40 kufunga. Hapa kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa: kuchelewa kwa kawaida si shida, kuyumba ndo shida. Kama valvu inachelewa 35 kila siku ya Mungu, unaiambia ifunge 35 kabla na mambo yako sawa. Lakini kama leo inachelewa 5 na kesho 600, hakuna hesabu itakuokoa. Kwa hivyo kwa karatasi yako weka safu mbili, kuchelewa kwa kawaida na kuchelewa kubaya zaidi, na hii ya pili ndo unanunulia vifaa.

Nikitoa ya valvu nabaki na milisekunde kama 10 za chipu. Chipu ya ATmega328P, ile iko kwa Arduino Uno, inapiga mizunguko milioni 16 kwa sekunde, yaani ndani ya milisekunde 10 iko na mizunguko 160,000 ya kucheza nayo. Ni mingi ajabu. Shida haikuwa kasi hata siku moja.

Fanya hivo hivo na kazi yako. Kama ni kudhibiti taa kwa stima ya hertz 50, wimbi linapita sifuri kila milisekunde 10 na lazima uwashe swichi kwa usahihi wa mikrosekunde mia hivi, la sivyo taa inapepesa macho. Kama ni mota ya bodaboda ya umeme, ile hesabu ya mkondo inazunguka mara elfu kumi hadi ishirini kwa sekunde, ukichukua ishirini uko na mikrosekunde 50 kumaliza kila kitu, na hapo sasa Uno haitoshi.

Hatua ya 2: chagua ukoo kabla ya kuchagua chipu

Koo ni nne na watu wanazichanganya.

Mikrokontrola: chipu moja, memori ndani, hakuna mfumo endeshi mkubwa ama kuna mdogo kama FreeRTOS. Hapa wewe ndo mwenye nyumba, hakuna mtu anakuja kutumia jiko lako bila kuuliza. Kazi nyingi kali zinaisha hapa.

Bodi ya Linux: nzuri sana kwa skrini, kamera, intaneti, hifadhidata. Mbaya kwa kazi kali, juu ndani kuna mambo mia yanaendelea na kila moja inataka zamu. Kwangu mwizi alikuwa kadi ya SD, programu ikiandika rekodi ya mauzo ilikuwa inasimama ikingoja kadi imalize, na kadi rahisi saa ingine inaamua kujipanga ndani yenyewe na hapo unangoja. Ni kweli kuanzia Linux 6.12 ya mwishoni mwa 2024 ile kazi ya PREEMPT_RT, ya kuifanya Linux ijibu kwa wakati, imeingia kwa kiini rasmi cha Linux baada ya miaka karibu ishirini ya kuhangaika nje, na inasaidia kweli kweli, lakini haitakuokoa kama programu yako yenyewe ndo inangoja kadi.

PLC (kompyuta ndogo ya kudhibiti mashine za kiwanda): kama mteja ni kiwanda Industrial Area, usijifanye shujaa, weka PLC. Ni ghali, lakini imezoea volti 24, inafungwa kwa reli ya chuma, na fundi wa zamu anajua kuisoma saa nane usiku wakati wewe umezima simu. Mzunguko wake ni wa milisekunde chache na unajulikana. Nimepoteza zabuni moja kwa kung'ang'ania bodi yangu, na yule mteja alikuwa na haki.

FPGA (chipu ambayo saketi yake ya ndani unaipanga wewe mwenyewe): kama bado unauliza kama unaihitaji, huihitaji.

Njia ninayotumia siku hizi ni ndoa: mikrokontrola inafanya kazi kali, bodi ya Linux ama moduli ya simu inafanya umbea, na wanaongea kwa waya mbili za siriali. Linux ikilala, ikijiwasha upya, ikila kadi, valvu haina habari. Kuna bodi zimeshafunga hiyo ndoa ndani, BeagleBone Black iko na vichakataji viwili vidogo vya megahezi 200 kando ya kile kikubwa, kila amri kwa kawaida nanosekunde 5, ni tamu lakini kujifunza kuzipanga ni safari.

Hatua ya 3: sasa chipu yenyewe

Watu wanasoma megahezi kwanza. Mimi nasoma taima kwanza, vile vihesabu vya muda na mapigo vilivyo ndani ya chipu.

Sababu ni hii, chipu nzuri inakuwezesha kuondoa kazi kali kwa programu kabisa. Taima za chipu za familia ya STM32 zinaweza kuhesabu mapigo ya mita zenyewe na kukushtua namba ikifika, bila programu kugusa kitu. ESP32, ile chipu yenye WiFi, iko na kihesabu mapigo cha ndani. RP2040, ile ya Raspberry Pi Pico iliyotoka 2021, iko na vimashine vidogo nane vinavyoitwa PIO, unaviandikia programu fupi na vinafanya kazi ya pini kwa mpigo wa saa ya chipu bila kuyumba. Ukipata kifaa cha ndani kinafanya kazi yako, kitumie, hata kama programu inaonekana rahisi kuandika.

Baada ya hapo uliza intarapti, yaani ule mshtuo wa kukatiza programu ishughulikie tukio, inachukua muda gani kuanza. Kichakataji cha Cortex-M3 kinaingia kwa mizunguko 12, kwa STM32F103 ya megahezi 72 hiyo ni sehemu ya sita hivi ya mikrosekunde. Ni safi. ESP32 iko na megahezi 240 na vichwa viwili (vichakataji) lakini iko na tabia zake: programu inakaa kwa flashi ya nje (memori ya kudumu) na inapitia keshi (memori ndogo ya haraka), na wakati unaandika kwa flashi hiyo keshi inazimwa, kwa hivyo intarapti yako kama hukuiweka ndani ya RAM inangoja. Nimekula hiyo. Tena WiFi iachie kichwa kimoja na kazi yako ikae kwa kingine, na usiweke sensa ya analogi kwa pini za ADC2 (kundi la pili la pini za kusomea analogi) juu WiFi ikiwaka hazisomeki. Kando na hayo ni chipu nzuri na bei yake ni ya huruma.

Kama kuna hesabu za desimali nyingi, kama ya mota, tafuta Cortex-M4 yenye kitengo cha desimali ndani, STM32F407 kwa mfano, megahezi 168. M0 na M3 hazina, zinafanya hizo hesabu kwa programu na zinatoa jasho.

Memori nunua mara mbili ya unayodhani. Uno iko na kilobaiti 2 tu za RAM, ukiweka maktaba ya skrini na maandishi kadhaa zimeisha na mashine inaanza kujiwasha yenyewe bila sababu, utatafuta mdudu wiki nzima kumbe ni nafasi.

Halafu volti. Sensa nyingi za Luthuli, ile barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, zinatoa volti 5, ESP32 na Pico zinataka 3.3. Rezista mbili, kilo-ohm 10 na kilo-ohm 20, zinakushusha hadi 3.3 kwa shilingi chache. Usipoziweka chipu haifi leo, itakufa mwezi ujao kwa mteja, na hiyo ndo mbaya zaidi.

Hatua ya 4: stima, hapa ndo mashine za Nairobi hufia

Nikiwa na saa kumi za kupanga vifaa, nne zinaenda kwa stima. Inapotea, inarudi na kishindo, inarudi nusu taa zikiwa nyekundu, na kwa waya huo huo kuna friji ya soda na mashine ya kinyozi wa jirani.

Anza na swali moja: stima ikikatika katikati ya kumwaga, valvu inabaki wapi? Nunua valvu ambayo bila umeme inajifunga. Kisha kwa mguu wa amri wa transista inayoiendesha weka rezista ya kilo-ohm 10 kwenda graundi, juu chipu ikiwa inaamka pini zake zinaelea na zinaweza kufungua maziwa kabla programu haijaanza. Hiyo rezista moja ina thamani kuliko megahezi zote.

Koili ya solenoidi ikizimwa inatema volti kurudi nyuma. Kama ni ya DC, daiodi ya 1N4007 sambamba nayo, na mstari wake ukiangalia upande wa chanya. Kama ni ya stima ya ukutani, weka rezista ya ohm 100 na kapasita ya 0.1 mikrofaradi iliyoandikwa X2, vikifuatana, sambamba na koili. Nilisahau mara moja na skrini ilikuwa inaandika Kichina kila valvu ikifunga.

Moduli ya simu ya SIM800L ikiongea na mnara inavuta hadi ampia 2 kwa vipande vifupi na inataka volti kati ya 3.4 na 4.4. Watu wanaichomeka kwa pini ya bodi halafu wanalaumu mtandao. Ipe rigyuleta yake, LM2596 inatosha, na kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na moduli. Na kabla ya kuunganisha zungusha ile skrubu upime volti na mita kwanza, tafadhali.

Washa kigunduzi cha volti kushuka ndani ya chipu, kwa ATmega328P ya volti 5 naweka 4.3, ili chipu ijizime kwa heshima badala ya kufanya wazimu ikiwa na nusu chakula. Washa wachidogi pia, ile taima inayoiwasha chipu upya programu ikikwama, lakini usiichapie chakula (ile ishara ya kusema bado niko hai) kutoka kwa intarapti ya taima, juu hiyo intarapti itaendelea kupiga hata programu kuu ikiwa imekufa na wachidogi atadhani kila mtu yuko mzima.

Na rekodi za mauzo, usiandike EEPROM (memori ya chipu isiyofutika stima ikikatika) mahali pamoja. Ya ATmega imepewa maandiko 100,000, ukiwa na wateja 300 kwa siku nafasi hiyo inafika mwisho kabla mwaka kuisha. Zungusha nafasi ama nunua chipu ndogo ya FRAM, memori inayovumilia maandiko mengi zaidi, hiyo utazeeka kabla yake.

Hatua ya 5: saa

Hii ni fupi. Kristali ya kawaida ya sehemu 20 kwa milioni inapotea sekunde moja na kitu kwa siku, kwa milisekunde za valvu haina neno. Saa ya ndani ya chipu isiyo na kristali inaweza kupotea asilimia kadhaa, na siriali inaanza kutema takataka. Weka kristali. Ukitaka tarehe ya risiti weka chipu ya saa ya DS3231, inapotea kama dakika moja kwa mwaka.

Hatua ya 6: kununua

Nenda Luthuli mwenyewe, asubuhi, ukijua namba kamili ya chipu. Ukienda na "nataka hiyo ya WiFi" bei itapangwa kulingana na viatu vyako. Nunua tatu hata kama unahitaji moja: moja ya kazi, moja ya kuchoma ukijifunza, moja ya akiba. Na kabla ya kupenda chipu angalia kama inapatikana kwa maduka mawili tofauti, juu chipu nzuri inayotoka nje kwa wiki tano na ushuru juu yake, mteja akiwa na tangi ya lita mia ya maziwa inachacha, si chipu nzuri.

Feki ziko. Bodi ndogo ya bluu ya STM32F103 ndo bingwa, juu imeandikwa jina na ndani ni nakala. Ukiiunganisha na kifaa cha kupakia programu, ya kweli inajitambulisha 0x1BA01477, nakala nyingi zinasema 0x2BA01477. Nakala zingine zinafanya kazi tu vizuri, lakini si kwa kazi kali ambayo umeahidi mtu.

Kama mashine inarusha mawimbi ya redio na unataka kuiuza kwa wingi, Mamlaka ya Mawasiliano itataka idhini ya kifaa. Tumia moduli iliyokwisha kupitishwa, usichore antena yako.

Hatua ya 7: itese kabla ya kuipeleka

Chukua pini moja ya bure. Kazi kali ikianza iinue, ikiisha ishushe. Unganisha lojiki analaiza, kifaa cha kurekodi pini inapanda na kushuka lini, ile ndogo ya njia nane si ghali, na uache usiku kucha. Usisome wastani, soma ile mbaya zaidi.

Na wakati inarekodi, isumbue. Zima WiFi katikati ya kutuma. Toa kadi. Chomeka friji na kettle kwa ekstenshoni moja nayo, washa zima washa zima. Bonyeza vitufe vyote pamoja kama mtoto. Ukiwa na kazi kadhaa zenye vipindi tofauti ndani ya chipu moja, kuna hesabu ya Liu na Layland ya 1973: ukipa kazi yenye kipindi kifupi kipaumbele cha juu, chini ya asilimia 69 ya muda wa chipu kila mtu anafika kwa saa yake hata kazi ziwe ngapi. Mimi nasimama 50, juu mteja lazima ataomba kitu kingine.

Hatua ya 8: mkebe

Mashine ya maziwa inaoshwa na maji moto kila jioni na mtu mwenye haraka. Mkebe wa IP65 (usioingiza vumbi wala maji ya kurushwa), waya zote ziingie kutoka chini ili maji yasifuate waya, na bodi ipakwe vanishi ya elektroniki. Waya za bredibodi ni za mezani, usinipelekee kwa mteja.

Ya Umoja saa hii ndani iko hivi: ATmega328P kwa mita na valvu, FRAM ya mauzo, ESP32 ya kutuma ripoti, LM2596 mbili, na bodi ya Linux niliitoa nikaipa mpwa wangu anachezea gemu. Nusu lita inatoka kati ya 498 na 503. Ndani ya mlango wa mkebe nimebandika kwa selotepu chipu ya akiba iliyokwisha kupakiwa programu, na mwenye duka nimemwonyesha ile soketi inafunguliwa wapi, na kile kidoti kwa chipu kinaangalia upande gani.